Nusu ya Gazeti Iliyotundikwa Dukani

Mtu aliyemtuma mdogo wangu majini siku ya upepo ana duka la nyavu na kamba Muleba mjini, na nyuma ya kaunta yake ametundika gazeti ndani ya fremu ya kioo. Gazeti lenyewe ni la Kiingereza. Ukiingia kununua kamba utaliona gazeti kabla hujaziona kamba. Sitaandika jina lake, wala la mtu mwingine yeyote humu. Si kwamba naogopa. Wa kwetu wakisoma watamjua kila mtu kwa alichofanya, na wasio wa kwetu jina halitawasaidia kitu.

Mimi ni mtu wa darasa la nne. Baba alipokufa nilitolewa shule nikalee wadogo zangu, na aliyenitoa ni baba mdogo, ambaye wanawe wote walisoma mpaka wakachoka. Mmoja wa wanawe hao atatokea hapa chini, na akitokea mtaona kusoma kwake kulitusaidia nini.

Mdogo wangu wa kiume, niliyembeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda, alikua akawa nahodha wa boti ya huyo mwenye duka. Boti ilibeba watu na dagaa kutoka visiwani kuja mwalo wa upande wetu. Mimi nilikuwa napeleka ndizi huko kisiwani na kurudi na dagaa, kwa hiyo nilikuwa nasafiri naye mara nyingi. Siku ile nilikuwa naye. Binti wa jirani yetu, aliyekuwa akiwapikia wavuvi kambini, naye alikuwa anarudi nyumbani, akakaa ubavuni kwangu juu ya gunia.

Mdogo wangu alisimama mwaloni akaangalia maji. Akasema upepo huu tuuache upite. Mwenye boti alikuwepo kisiwani, alikuja kusimamia dagaa wake, na magunia yalikuwa yameshapangwa mengi kuliko siku zote. Akamwambia, "Mimi nimekuajiri uangalie injini, sijakuajiri uangalie mawingu. Kama hutaki, kaa hapo, nitampa boti mwingine." Binti wa jirani akauliza kuhusu majaketi ya kujiokolea. Nayo yalikuwepo, mapya kabisa, yamefungiwa stoo. Mwenye boti akajibu, "Yale yakilowa yanaharibika."

Hayo nimeyasikia kwa masikio haya. Boti ikaondoka, na katikati ya ziwa wimbi likaingia upande wa magunia. Sitasimulia zaidi. Niliokotwa na wavuvi nikiwa nimeshika ubao. Binti wa jirani aliokotwa amekufa. Mdogo wangu hakuonekana.

Nililazwa hospitali. Akaja mwandishi wa habari, mtu mpole, akaketi kwenye kitanda cha pembeni kilichokuwa wazi, akaniuliza kwa Kiswahili nami nikamjibu kwa Kiswahili. Nilimwambia yote: upepo, magunia, mawingu, majaketi. Alikuwa anaandika na kutikisa kichwa. Mimi nilijua gazeti ni gazeti, litatoka, watu watasoma. Sikujua gazeti lake ni la Kiingereza. Hakuniambia, na mimi nisingejua kuuliza.

Kumbe wakati mimi nipo kitandani, gazeti limeshafika kijijini kabla yangu.

Haya ninayoandika sasa alinieleza mama. Alikuwa ameenda msibani kwa jirani, kumlilia yule binti, huku mwanawe mwenyewe bado yumo ziwani. Ndivyo inavyotakiwa, msiba wa jirani ni wako. Mwenye boti akafika na gari, ameleta mchele na sukari, na mkononi ana gazeti. Akalitoa kwa wanaume waliokuwa wameketi upande wao. Gazeti likapita mkono kwa mkono. Kila mmoja alilishika, akalitazama kwa muda wa kutosha, akatikisa kichwa, akampa wa pili. Hakuna aliyeuliza limeandika nini. Kwetu sisi huwezi kuuliza gazeti limeandika nini mbele za watu. Tanzania nzima wanatutania kwa neno letu wenyewe, "nshomile", maana yake nimesoma, kwamba Mhaya hata kama hana viatu atakwambia amesoma. Utani huo ni mzuri ukiwa kwenye baa. Pale msibani ulituua.

Mwishowe bibi mmoja kutoka upande wa wanawake akasema, "Jamani, mtusomee na sisi." Ndipo wakamtazama binamu yangu, yule mtoto wa baba mdogo, mwenye kidato cha sita. Akasimama. Akasoma kichwa cha habari kwa Kiingereza, kwa sauti, kama mchungaji anasoma somo. Halafu akageuza kwa Kihaya: "Nahodha ndiye wa kulaumiwa."

Wakamwambia, "Endelea."

Akalikunja gazeti akajibu, "Hayo mengine ni maelezo tu."

Maelezo tu! Binamu yangu hajui Kiingereza. Alijua wakati wa mtihani, mtihani ukaisha nacho kikaisha. Lakini angesemaje hivyo na mkoa mzima unamwangalia? Afadhali amzike mdogo wangu kabla hajaopolewa.

Mama alinyanyuka pale alipokuwa ameketi na wanawake wenzake, akarudi nyumbani. Hakuna aliyemshika mkono.

Mdogo wangu alipatikana baadaye, ametupwa na maji mbali na mwalo. Tukamzika kwenye kibanja, shamba letu la migomba nyuma ya nyumba, karibu na baba. Kwetu mtu akifa majirani huacha majembe mpaka azikwe, hata kama mlikuwa mmegombana. Siku ile, mchungaji anaomba, tulisikia jembe linapiga chini upande wa pili wa uzio. Lilikuwa jembe la jirani, mama wa yule binti. Analima. Watu wachache waliokuja wakatazama chini. Mama hakugeuka, lakini tangu siku ile hakwenda tena kwenye mkusanyiko wowote. Kanisani aliacha. Harusini aliacha. Akawa anasalia chumbani, na ukipita mlangoni unamsikia anaimba nyimbo za ibada peke yake, sauti ya chini, kana kwamba anaiba.

Mimi nilijaribu kusema. Nilikwenda mlangoni kwa jirani nikamwambia mwanao aliuliza jaketi akajibiwa hivi na hivi. Akaniambia, "Wewe ni dada yake. Utasema nini kingine? Gazeti limesema." Nikaenda kwa wazee wa ukoo, jibu lile lile. Gazeti limesema. Mimi nilikuwa majini, gazeti lilikuwa Dar es Salaam, lakini lililoaminiwa ni gazeti.

Nikaondoka kijijini. Nilipata kazi Bukoba mjini, Miembeni, kwenye nyumba ya wageni: kufua mashuka, kufagia, kupika chai ya asubuhi. Kila nikienda nyumbani kumwona mama nilikuwa napita lile duka la Muleba, na kwa mlango ulio wazi naiona fremu inang'aa. Bado alikuwa na gazeti lake. Watu wakiingia wanaliona, wanatikisa kichwa kama walivyotikisa msibani, wananunua kamba.

Miaka imepita. Mama akazeeka, akaanza kusema mambo ya kufa. Siku moja aliniambia kwa utulivu kabisa, kama mtu anayepanga mambo ya chakula, "Mimi nikifa, usitangaze. Chimbeni tu. Sitaki tena kusikia jembe." Nilirudi Bukoba na maneno hayo, na kila shuka nililofua wiki ile nililifua nayo.

Sikujiandikisha kusoma Kiingereza kwa ajili ya gazeti. Niseme ukweli. Mwenye nyumba ya wageni alisema wageni wanaulizia maji ya moto na mimi nawaletea ufagio, nikasome au atafute mtu mwingine. Kwa hiyo nikawa nakwenda Jumamosi alasiri mtaa wa Bakoba, kwenye ukumbi wa kanisa. Mwalimu ni mama mstaafu, Mwislamu wa hapa hapa mjini, babu yake alitoka pwani, na yeye anaongea Kihaya kizuri kuliko binamu yangu anavyoongea Kiingereza. Wanafunzi tulikuwa watu wazima. Alikuwepo mwendesha bodaboda ambaye mdomo wake haukulala.

"Mama, wewe Mhaya wa wapi usiyejua Kizungu?" aliniuliza siku ya kwanza. "Nshomile gani wewe?"

"Nshomile wa mashuka," nikamjibu. "Na wewe?"

"Mimi wa pikipiki. Nimesoma vibao vyote vya barabarani mpaka Muleba."

"Basi nyamaza tusome na vingine," mwalimu akasema.

Tulipomaliza salamu na maji ya moto, mwalimu akaleta magazeti ya Kiingereza ya zamani, akatugawia. Nikasema moyoni, haya sasa, yamenifuata. Bodaboda akalalamika kwamba kila neno analolijua halimo. Mwalimu akacheka. Akatuambia kichwa cha habari si cha kuanzia kujifunza, ni kigumu kuliko habari yenyewe. Kimebanwa kiingie mahali padogo, kina maneno mafupi makali ambayo hakuna mtu anayaongea nyumbani kwake. Halafu akasema jambo lililonifanya niweke kalamu chini.

"Na mjue," alisema, "aliyeandika kichwa mara nyingi siye aliyeandika habari. Aliyeandika habari alikwenda mahali, akaona watu, akauliza. Kichwa kinaandikwa na mtu mwingine ofisini, hajaona chochote, anatafuta cha kukufanya ununue. Kwa hiyo usiishie kwenye kichwa. Shuka chini, tafuta ni nani anasema."

Kazi akatupa hiyo: kila mtu apige mstari chini ya kila mtu aliyesema kitu kwenye habari yake. Bodaboda alikuwa na habari ya kahawa. Kichwa, mwalimu alitusaidia, kilikuwa kinasema wakulima wafurahia bei. Bodaboda akashuka na kalamu, mistari yote ya chini, akarudi juu.

"Mwalimu, aliyesema hapa ni mnunuzi wa kahawa."

"Na mwingine?"

"Mnunuzi tena. Na hapa ni mnunuzi."

"Mkulima yuko wapi?"

"Mkulima yuko kwenye kichwa tu," bodaboda akasema. "Anafurahi huko huko juu."

Darasa likacheka. Baba yake analima kahawa. Mimi sikucheka. Nilikuwa naifikiria ile fremu, na lile neno la binamu, maelezo tu.

Safari iliyofuata ya nyumbani nilishuka Muleba nikaingia dukani. Mwenye boti alikuwepo, amenenepa, ana miwani. Alinitambua, nikaona amenitambua, lakini alinisalimu kama mteja.

"Karibu, dada. Kamba?"

"Naangalia gazeti lako."

"Aa, hilo. Kumbukumbu hiyo. Mambo yalikuwa magumu wakati ule."

"Limeandika nini?"

Akanitazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza swali hilo. "Si linajulikana," akasema. "Limeandika ukweli."

"Naweza kupiga picha?"

"Piga tu. Halina siri."

Nikapiga kwa simu. Alisogea pembeni ili mwanga wa mlango uingie vizuri kwenye kioo. Nasema hili ili mjue alivyokuwa na uhakika. Wala si mjinga huyu mtu. Alijua kila anayetazama pale atatazama maandishi makubwa, na kama ni wa kwetu atatikisa kichwa.

Jumamosi nilimpelekea mwalimu ile picha. Sikumwambia ni habari ya nani. Nilimwambia nataka kusoma hii, anisaidie ninapokwama. Tulikaa baada ya wengine kuondoka, bodaboda tu alibaki akisubiri kumrudisha mwalimu kwake Kahororo. Kichwa nilikiweza. Nahodha alaumiwa, boti yazama. Nikashuka chini kama tulivyofundishwa, natafuta nani anasema. Aliyesema ni mwenye boti. Kwamba nahodha alikaidi. Mstari mwingine, mwenye boti. Kwamba yeye ni mtu wa kujali usalama na ameleta majaketi mapya. Nikapiga mstari, nikapiga mstari. Wote yeye. Halafu habari ikaisha katikati ya sentensi, na chini pembeni kuna maneno madogo sana, ambayo kwenye fremu yamekaribia kumezwa na ubao.

"Hapa?" nikauliza.

"Hapo wanasema habari inaendelea ukurasa wa nne," mwalimu akasema. "Ukurasa wa nne uko wapi?"

"Ukutani upo huu tu."

"Kwa hiyo hii ni nusu."

Bodaboda akainua kichwa kutoka kwenye simu yake. "Mtu katundika nusu ya gazeti?"

Ndipo nikawaeleza. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, hakusema pole, akauliza tu kama najua gazeti lilitoka mwaka gani na mwezi gani. Hilo nalijua, nani asahau.

Alinipeleka maktaba mjini. Magazeti ya zamani yapo, yamefungwa kwa kamba, na vumbi lake linaingia puani. Mama wa maktaba alituletea mafungu mezani akatuacha. Mwalimu angeweza kulipata upesi, lakini alikaa amekunja mikono akaniacha nitafute mwenyewe. Nililipata. Ukurasa wa kwanza ule ule, kwa mara ya kwanza bila kioo. Nikafungua wa nne.

Mwanzoni sikuelewa. Niliona neno la nahodha, neno la upepo. Nikaona maneno mawili ambayo mwalimu alinitafsiria: mwanamke mmoja aliyenusurika. Mwanamke huyo anasema. Mstari wa pili, anasema tena. Anasema nahodha alitaka kusubiri upepo upite. Anasema mwenye boti alimwambia hakuajiriwa aangalie mawingu. Mawingu yapo pale, kwa Kiingereza, nimeyaona. Anasema abiria mmoja aliomba jaketi la kujiokolea akaambiwa yakilowa yanaharibika.

Ni mimi. Ni yale niliyomwambia yule mwandishi hospitalini. Aliyaandika yote, hakuacha. Miaka yote hii niliamini ameuza maneno yangu kwa mwenye boti, nikamlaani kila alipokuja akilini. Kumbe alifanya kazi yake, na kazi yake ikawekwa nyuma, ukurasa wa nne, chini ya tangazo la saruji, na mtu wa ofisini akaweka juu kichwa chake alichokitaka. Laana nimeihamishia kwa huyo wa ofisini. Simjui sura.

Nililia pale mezani na sikuona aibu. Mwalimu alikwenda kuuliza habari ya kutoa nakala.

Nyumbani nilianza kwa binamu, kwa sababu hasira ilikuwa bado ya moto. Nilimkuta anakunywa rubisi na wenzake. Nikamwekea kurasa zote mbili kwenye mapaja.

"Soma," nikamwambia. "Ulisema mengine ni maelezo tu. Tusomee maelezo."

Akayatazama. "Dada, mambo ya zamani hayo."

"Soma."

"Kichwa nilisoma sawasawa," akasema. "Kimeandikwa hivyo hivyo mpaka leo. Kosa langu nini?"

Nikachukua karatasi zangu nikaondoka. Kwake nilikuwa nimeshapata nilichokwenda kukipata, na hakikuwa kitu kikubwa.

Kwa jirani nilikwenda asubuhi. Alikuwa anamenya ndizi nje ya jiko, amekaa kwenye kigoda, na kisu hakikusimama aliponiona. Hajawahi kunifukuza kwa ukali, ni mtu wa kukuacha tu umesimama. Nikamsalimu. Akaitikia. Nikamwambia nimeleta lile gazeti.

"Ninalijua," akasema.

"Nimeleta nusu iliyobaki, waitu." Waitu ni neno letu la heshima, na sikuwa nimemwita hivyo tangu msiba.

Kisu kikasimama. Akanionyesha mkeka. Nikakaa.

"Lisome kwa Kizungu kwanza," akasema.

"Mama, hutaelewa."

"Siku ile pia sikuelewa. Lilisomwa kwa Kizungu. Na hili lisome hivyo hivyo."

Nikasoma. Nilisoma vibaya, nakwama, narudia, lakini nilisoma mpaka mwisho, na yeye alisikiliza ameinamisha kichwa kama anasikiliza mvua inakuja au haiji. Halafu nikageuza kwa Kihaya, mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye jaketi aliinua mkono.

"Huyo mwanamke anayesema, ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Basi hilo si gazeti," akasema, na kisu kikaanza tena. "Hilo ni wewe. Haya ulikuja kuniambia hapo mlangoni, nikakwambia wewe ni dada yake."

Nimefua mashuka, nimesoma, nimekula vumbi la maktaba, nimerudi na maneno yale yale ya mdomo wangu. Nilikuwa nakunja karatasi nitoke, akauliza, bila kuniangalia:

"Ulimwambia lini huyo mwandishi?"

"Nilipokuwa nimelazwa."

"Ndugu yako alikuwa ameshapatikana?"

"Bado."

"Binamu yako alikuwa ameshasoma?"

"Bado. Gazeti lingetoka vipi kabla sijamwambia? Mimi hata sikujua kuna mtu wa kulaumiwa. Nilisema tu kilichotokea."

Akamenya ndizi moja mpaka mwisho. Akaiweka majini. Akachukua nyingine, akaishika bila kuimenya.

"Kwa hiyo mwanangu aliliomba," akasema.

"Aliliomba, waitu. Alikuwa ubavuni kwangu."

"Ulisema mlangoni aliliomba. Nilidhani umemtia na yeye ili mimi nilainike."

Akaimenya ile ndizi. Baadaye akauliza, kwa sauti ya kuuliza bei ya chumvi, "Mama yako anakula nini siku hizi?"

"Uji. Ndizi kidogo zikipondwa."

"Meno?"

"Yamekwisha."

"Yangu pia," akasema.

Mwenye boti hakufanywa chochote. Nilimpelekea nakala ya ukurasa wa nne dukani, nikamwambia aiweke kwenye fremu pamoja na ile nyingine. Akacheka, akasema fremu ni ndogo. Nikaenda tena, nikakuta gazeti halipo, mahali pake pana kalenda. Wateja nadhani hawajaona tofauti. Hajawaomba radhi watu wa kijiji chetu, na hatawaomba, na boti anazo nyingine, sasa zina manahodha ambao sijui wanaruhusiwa kuangalia nini. Nimeandika hapa ili angalau iandikwe mahali bila kukatwa.

Jirani alikuja Jumapili, baada ya ibada. Alipita mlango wa uzio ambao ulikuwa umeota majani mpaka ikabidi niusukume kwa bega. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na ana mkungu mdogo wa ndizi za kupika kichwani. Mama alikuwa ndani. Nilimwambia nani amekuja, nikasikia anatafuta kitambaa chake cha kichwa. Alitoka akishika ukuta.

Hawakukumbatiana. Walisalimiana salamu ile ndefu, ya watu wa umri wao. Mama akaniambia nilete kahawa ya kutafuna, wakaitafuna kwa ufizi. Gazeti lilikuwa mezani, nililiweka makusudi. Hakuna aliyeligusa. Waliongea habari ya mnyauko wa migomba, mashina gani yameanza, nani amekata nani amechoma. Jirani alisema upande wake wa juu umekufa wote. Mama akasema alikuwa anauona kupitia dirishani, ukikauka, na hakuwa na wa kumwambia akate mapema. Jirani akasema, "Ungeniita." Mama akasema, "Ungeitika?" Jirani akafikiria. "Sidhani," akasema. Wakacheka kidogo, wote wawili, kicheko kikavu.

Alipoondoka akasema Jumapili atampitia waende ibadani pamoja, taratibu, kwa sababu na yeye miguu inamsumbua. Mama hakukubali wala kukataa. Aliniuliza viatu vyake vya kanisani viko wapi, nikamwambia vimeliwa na panya, akasema basi nimletee vingine kutoka Bukoba, visivyo na kisigino.

Tukabaki wawili barazani. Mama alikuwa bado anaangalia upande wa uzio.

"Amezeeka," akasema.

"Hata wewe umezeeka, mama."

"Mimi nilijiona nikizeeka," akasema. "Yeye sikumwona."